Sahani ya Pili

Shangazi yangu hapakui chakula, anashindilia. Ukigeuka kidogo kuzungumza na wa jirani, sahani yako inarudi na kilima cha wali, na juu ya kilima paja la kuku limesimama kama bendera. Siku ya harusi ya binamu yangu tuliketi meza moja. Nilikuwa nimeshakula, tena vizuri: mboga nusu sahani, kipande cha samaki, wali kidogo. Uma nimeulaza, mdomo nimeufuta, nasubiri muziki ukolee.

"Mbona hujala?"

"Nimekula, shangazi. Nimeshiba kabisa."

"Umekula nini? Nimekuona ukitafunatafuna majani." Akaivuta sahani yangu upande wake. "Au chakula cha mwanangu hakikufai?"

Hapo ndipo nilipokwisha. Kuhusu wali ningeweza kubishana, lakini kuhusu mwanawe? Nikakila kilima chote pamoja na bendera yake, kisha kipande cha keki, kisha soda ya kukiteremshia. Usiku nililala chali, nahema kama mtu aliyebebeshwa gunia.

Wiki mbili kabla ya harusi hiyo nilikuwa nimeketi mbele ya daktari. Sukari yangu ya damu, asubuhi kabla ya kula, ilisoma 6.4 (kwa kipimo cha milimoli kwa lita). Daktari hakunitisha. Alichora mstari kwenye karatasi, akaandika 6.1 huku na 7.0 kule. "Chini ya hapa ni sawa," akasema. "Kuanzia hapa ni kisukari. Wewe uko katikati, na katikati kuna njia mbili." Akaniuliza ninakula nini nyumbani. Nikamtajia, naye akakiri kwamba si vibaya. "Na nje ya nyumbani?"

Nilirudi nikafungua kalenda ya simu. Katika miezi mitatu nilikuwa nimehudhuria shughuli 11: harusi, posa, mahafali, siku za kuzaliwa za watoto wa marafiki, kuwaaga watu kazini, kuwakaribisha waliokuja kuziba nafasi zao. Mtu anayekula sherehe mara moja kwa mwezi anakula sherehe. Anayekula kila wiki, hiyo ni sehemu ya lishe yake, hata kama yeye anaiita dharura. Mimi nilikuwa naiita dharura.

Tangu hapo umepita mwaka na zaidi, na nimehudhuria karibu shughuli zote nilizoalikwa. Kujifungia ndani si dawa, na mtu anayeacha kwenda kwa watu kwa kuogopa keki atapata ugonjwa mwingine. Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa naulaumu ulimi kwa kosa ambalo si lake. Nilidhani unanishinda kwa kuonja. Kumbe ulikuwa unanishinda kwa kushindwa kukataa.

Lakini nianze na tumbo, maana nalo lina visa vyake.

Mwaka 1989 mtafiti wa Marekani aitwaye John de Castro alichapisha matokeo ya kuwaomba watu waandike kila walichokula na waliokuwa nao. Milo waliyokula pamoja na wengine ilikuwa mikubwa kwa asilimia 44 kuliko ile waliyokula peke yao. Watafiti waliomfuata walipoyapitia maswali hayo upya, akiwemo Helen Ruddock wa Chuo Kikuu cha Birmingham mwaka 2019, walikuta jambo linalonifurahisha hadi leo: tunazidisha tukiwa na marafiki na ndugu. Tukiwa na watu tusiowafahamu hatuzidishi hivyo, pengine kwa kuwa mbele ya mgeni kila mtu anataka kuonekana ana adabu. Kwa hiyo harusi ya binamu ni hatari kuliko karamu ya kampuni usiyoijua, hata kama chakula ni kilekile.

Halafu kuna ile hali ya kushiba wali na bado kuwa na nafasi ya keki. Watoto huieleza vizuri wakisema wana tumbo la pili. Barbara Rolls na wenzake, miaka ya mwanzo ya 1980, waliwapa watu sandwichi zenye kijazo cha aina moja, na wengine wakapewa zenye aina nne. Waliopewa aina nne walikula zaidi, karibu theluthi nzima. Tunachokishiba kwanza ni ile ladha iliyopo mdomoni, kisha ladha mpya ikifika hamu inaamka upya. Sasa itazame meza ya sherehe: nyama aina tatu, wanga aina nne, vitafunio vya chumvi upande huu, vya sukari upande ule. Meza hiyo haikupangwa na adui. Imepangwa na mtu anayekupenda, anayeogopa usije ukakosa unachokipenda. Matokeo ni yaleyale.

Mbinu yangu ya kwanza ilikuwa ya kijinga, na naieleza kwa sababu nakutana na watu wengi wanaoitumia. Siku ya sherehe nilikuwa sili kitu tangu asubuhi. Najibana, najiwekea akiba. Hesabu ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Nikifika ukumbini saa moja jioni, chakula kinatoka saa tatu na nusu kwa sababu hotuba hazijaisha, na katikati wahudumu wanapita na sinia za vitu vidogovidogo vilivyokaangwa. Mtu aliyeshinda na njaa akipitiwa na sinia hiyo hahesabu. Mimi niliwahi kumshika mhudumu kwa mazungumzo ya uongo, namuuliza habari za kazi, mkono mmoja ukiendelea na shughuli yake kwenye sinia.

Na ukishaanguka mara moja, ndipo unapoanguka kweli. Waswahili walilisema zamani: maji ukiyavulia nguo, yaoge. Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack walilipima kwa aiskrimu. Waliwanywesha baadhi ya washiriki maziwa mazito ya aiskrimu, kisha wakawaomba "waonje" aiskrimu zaidi na kutoa maoni. Wasiokuwa na mazoea ya kujinyima walikula kidogo baada ya yale maziwa, kama unavyotegemea. Waliozoea kujinyima walikula zaidi. Walijiona wameshaharibu, basi wakaamua kuharibu vizuri. Nilipousoma utafiti ule nilicheka peke yangu, kwa sababu ile soda ya harusini niliinywa kwa hoja hiyohiyo: keki nimeshaila, soda itaongeza nini?

Itaongeza gramu 35 za sukari, kwa kopo la kawaida la mililita 330. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba ingefaa zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani karibu gramu 25 kwa mtu mzima. Kopo moja limeshavuka. Vinywaji ndivyo nilivyovifuta kwanza bila huzuni, kwa kuwa havikuwahi kunishibisha na hakuna aliyewahi kugundua. Glasi ya maji yenye kipande cha limau, ukiishika kwa madaha, haiulizwi swali. Wanaokunywa pombe wana hesabu nyingine: gramu moja ya pombe ina kalori 7, karibu na mafuta yenye 9, na zaidi ya hapo inalegeza ile breki unayoihitaji chakula kikifika.

Sasa ninakula kabla ya kwenda. Mayai mawili, au bakuli la maharage, au mtindi na tunda. Mke wangu alinishangaa mwanzoni, "Unakwenda kula, unakula?" Ndiyo. Nakwenda kusherehekea. Nikifika bila njaa kali, ile sinia inapita kama magari yanavyopita barabarani.

Kingine ni kutembea. Meza ikifunguliwa, wengi wetu tunachukua sahani kwanza, ndipo tunaanza safari ya kutoka sufuria hadi sufuria, tukiweka kijiko cha kila tunachokutana nacho. Tukifika mwisho, ambako kuna kitu tunachokipenda hasa, sahani imejaa, nacho tunakipandisha juu. Mimi naipita meza nzima mikono mitupu, naangalia, narudi nyuma ya foleni. Nachagua vitu viwili ninavyovitamani kwelikweli, vilivyobaki ni mboga. Watu wa nyuma hunitazama kama mkaguzi wa afya. Sawa tu.

Kuhusu sahani ndogo, ushauri ambao umeandikwa kila mahali, nina neno. Nilibeba imani hiyo kwa miaka, hata nyumbani nikanunua sahani ndogo. Mtafiti aliyeitangaza kuliko wote alikuwa Brian Wansink wa Chuo Kikuu cha Cornell. Mwaka 2018 majarida ya kitabibu ya Marekani yaitwayo JAMA yaliondoa makala zake 6 kwa mara moja, chuo chenyewe kikatangaza kwamba alikiuka maadili ya utafiti, naye akajiuzulu. Haina maana kwamba sahani ndogo inadhuru. Ila siiamini tena kama hirizi. Sahani ndogo katika mkono wa shangazi yangu inakwenda juu badala ya kwenda pembeni.

Na hapo ndipo tunarudi kwenye kukataa, ambako mwaka wangu mzima umekwenda.

Silaha yangu ya kwanza ilikuwa "daktari amenikataza". Niliamini hakuna atakayebishana na daktari. Sikiliza kilichotokea. Ilikuwa mahafali ya mtoto wa jirani, nimeketi na wazee watatu na kijana mmoja. Nikasema neno lile, kwa sauti ya chini kabisa. Mzee wa kwanza akauliza amekataza nini. Nikamwambia. Wa pili akasema madaktari wa siku hizi wanasoma kwenye mashine tu. Wa tatu alikuwa na ndugu aliyekatazwa vivyo hivyo, akatii, na akafa mwaka uleule. Kijana akanitajia majani fulani ya kuchemsha. Dakika 20 baadaye meza nzima inajua sukari yangu ni ngapi, mama mwenye shughuli ameshaitwa kunitengenezea "kitu cha mgonjwa", na mbele yangu kuna bakuli la uji. Katikati ya mahafali. Nilikunywa uji.

Ukilitaja gonjwa, umefungua baraza. Kila mtu ana la kuchangia, na aliyenyamaza anakuonea huruma, jambo ambalo ni baya zaidi.

Silaha ya pili ilikuwa "siwezi". Siwezi kula keki. Siwezi kuongeza. Tatizo la siwezi ni kwamba Mswahili akilisikia anatafuta namna ya kukuwezesha. "Utaweza, jaribu kidogo." Vanessa Patrick na Henrik Hagtvedt walichapisha mwaka 2012 utafiti kuhusu maneno mawili ya Kiingereza, moja la kusema huwezi na lingine la kusema hufanyi. Katika jaribio mojawapo, walioelekezwa kujiambia kwamba hawafanyi walichagua kitafunio chenye afya kwa asilimia 64, na walioambiwa waseme hawawezi kwa asilimia 39. Anayesema hawezi anaongelea kamba iliyomfunga. Anayesema hafanyi anajieleza yeye ni nani.

Kiswahili kinatupa neno fupi mno kwa kazi hiyo: sili. Silabi mbili. "Keki?" "Asante, sili keki usiku." Nilijaribu, na kweli lina nguvu, lakini likitoka kavu linaumiza. Kwa rika langu linatosha. Kwa mkubwa linasikika kama mlango uliofungwa kwa kishindo. Huwezi kumwambia mama mdogo aliyeamka saa kumi alfajiri kupika, "Sili."

Kwa wakubwa nimekuja kugundua kwamba siri haipo kwenye neno la kukataa. Ipo kwenye kinachotangulia. Nakisifia chakula mapema, kabla hajaniuliza, na nakisifia kwa jina lake. Badala ya "chakula kitamu, mama mdogo," namwambia "hii samaki umeitia limau na nini tena? Nimeila yote." Mpishi anayesikia umeila yote, na ukamtajia kilichomo, haangalii tena ukubwa wa sahani. Ameshapata alichokuwa anakitafuta. Kule harusini sikumsifia mtu. Niliketi kimya na sahani yangu safi, na shangazi, kwa haki kabisa, alisoma ukimya ule kuwa ni dharau.

Kisha kuna "nimeshiba". Wengi tunalisema haraka, tukiwa tayari tumeinua mikono kujikinga, nalo linasikika kama uongo. Nalisema polepole, nimeegemea kiti, mkono juu ya tumbo. Kwa nini tuone aibu? Katika maneno yote unayoweza kumpa aliyekulisha, hilo ndilo sifa kubwa. Mtu amekushibisha!

Akiendelea kusukuma, nakubali, lakini kwa baadaye. "Nifungie, nitakula kesho." Chakula kilichofungwa ni ushahidi mkononi kwamba sikukidharau, na kesho kinagawanywa watu wanne nyumbani. Hii imeniokoa mara nyingi kuliko mbinu zote za daktari.

Wanaonisumbua hadi leo ni wa rika langu, wale wa "mara moja haiui". Ni kweli, haiui. Nimewahi kuwajibu kwa takwimu na nikajuta, kwa sababu sherehe si darasa, na mtu anayehubiri lishe mbele ya sinia ya keki hastahili kualikwa tena. Pia sitazami sahani ya mtu mwingine, wala sitoi maoni. Mwenzangu akijaza, amejaza. Nikianza kumhesabia, naye atanihesabia, na haki atakuwa nayo.

Na kuna siku ninakula keki. Bibi yangu alipofikisha miaka 80, alikata mwenyewe kipande, akanilisha kwa mkono wake unaotetemeka, krimu ikanishika kwenye pua. Nani angesema sili? Nilikila, nikaomba kingine, nacho nikakila. Kesho yake nikarudi kwenye mboga zangu bila kujiadhibu, bila kufunga, bila kukimbia kilomita 10 za toba. Ile kuvulia maji nguo ndiyo ninayoiogopa, kipande chenyewe hakina shida.

Kuna utafiti mmoja unaonituliza na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Mwaka 2000, Jack Yanovski na wenzake waliripoti kwamba waliwapima uzito watu wazima 195 wa Marekani katika msimu wa sikukuu za mwisho wa mwaka. Watu walidhani wameongezeka sana. Kumbe wastani ulikuwa kilo 0.37 tu, chini ya nusu kilo. Hiyo ndiyo inayotuliza. Inayotia wasiwasi ni kwamba walipofuatiliwa baadaye, nyongeza ile haikuwa imeondoka. Kidogo cha mwaka huu kinamsubiri kidogo cha mwaka ujao. Nikiitazama kalenda yangu ya shughuli 11, naona mahali kilo zangu zilipotoka, moja moja, kila moja na kadi yake ya mwaliko.

Kipimo changu cha mwisho kilisoma 5.9. Sitaisifia mbinu yoyote peke yake, kwa kuwa nilianza pia kutembea jioni, na soda imetoka hata nyumbani.

Tulipofanya shughuli yetu wenyewe, ubatizo wa mtoto, nilikaa upande wa pili wa meza kwa mara ya kwanza. Tuliweka maji na matunda yaliyokatwa mwanzoni, kabla ya hotuba, watu wasisubiri na njaa. Mboga zikatangulia kwenye foleni. Nikaapa sitamlazimisha mgeni. Saa mbili baadaye nikajikuta nimesimama mbele ya rafiki yangu, kijiko cha kupakulia mkononi, namwambia, "Mbona hujala?" Alikuwa amekula. Niliona sahani yake, uma umelala. Lakini chakula kilikuwa kimebaki kingi, nami nilikuwa na furaha na sikujua pa kuipeleka. Nadhani siku hiyo ndiyo nilimwelewa shangazi.

Jumamosi ijayo anamwoza binti yake wa mwisho. Amepiga simu jana. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za watoto, akaniuliza kama nitakuja na ule ugonjwa wangu wa majani au nitauacha nyumbani. Nikamwambia nitakuja nao. Akanyamaza kidogo, nikasikia anaguna.

"Basi mtakaa meza yangu," akasema. "Nimewawekea nafasi."